Sista Breki, Mlinzi wa Wasukuma Mikokoteni

Alizaliwa mwaka wa mvua kubwa, nyuma ya karakana ya baba yake mchomelea vyuma, kitinda mimba na mwoga kuliko nduguze wote. Alipoingia utawa baba yake alicheka: "Mwanangu, shetani utamwona kabla hajafika!"

Kwa kuwa alijua kuchomelea, alipewa karakana ya watawa. Asubuhi moja, akiwa langoni, alimwona muuza viazi vya kukaanga, Mama Viazi, akishuka mtelemko wa sokoni na mkokoteni wa mbao, jiko linawaka, karai la mafuta linachezacheza, mgongo wake ndiyo breki. Sista alitetemeka mwili mzima, na hapo ndipo Mungu alipomwita. Akamtengenezea mkokoteni wa chuma wenye breki ya mkono, akaujaribu mtelemkoni, ukatii. Lakini aliujaribu mtupu. Loo! Kesho yake, kwa uzito wa jiko na mafuta yanayochemka, breki ilishika ghafla, karai likaruka, Mama Viazi akaungua miguu.

Sista hakula wala hakulala. Alipiga magoti kando ya kitanda cha mgonjwa akaapa kutoshika chuma tena. Mama Viazi alimkatiza: "Sista wee, ukiacha, mimi narudia ule wa mbao. Wanangu watakula nini? Nitengenezee mwingine, ila safari hii uogope zaidi."

Akatii. Karai alilizamisha kwenye tundu lenye ukingo, breki akailegeza ishike polepole. Mama Viazi akauza mpaka jioni bila kuumwa mgongo, wanawe wakarudi shule, na wauzaji wengine wakapanga foleni. Kila mkokoteni Sista aliushusha kwanza mwenyewe, mafuta yakiwa ya moto, magoti yakigongana. "Sista Breki, leo utatufia!" walimtania. "Nyamazeni, nasali," alijibu.

Uzeeni mwake, akijaribu mkokoteni mpya, waya wa breki ulikatika katikati ya mtelemko, na chini soko limefurika watu. Angeweza kuachia. Aliugeuzia ukutani, mafuta yakammwagikia. Mama Viazi alimfikia wa kwanza.

"Kuna aliyeungua?"

"Wewe tu, Sista."

"Ashukuriwe Mungu," akasema, na uso wake ukatulia kabisa. Alifariki siku hiyohiyo.

Wauzaji husimulia habari za mikokoteni iliyokatika breki ikasimama yenyewe mahali pale. Mimi sibishani nao. Nasi tumwige: chombo tunachompa jirani, tukishike kwanza sisi, kingali cha moto. Sista, wanaoshuka asubuhi hii, washikie breki.