Maneno Niliyoacha Kumtafsiria Wifi

Jumatano, tarehe 12 Februari. Mvua imenyesha toka alfajiri bila kupumzika, na njia ya kwenda mahakamani hapa Tunduma ilikuwa tope mpaka kwenye vifundo vya miguu.

Leo imeamriwa wifi yangu arudishwe kwao, ng'ambo ya mpaka. Naandika ilivyokuwa, ingawa niliishia darasa la saba na sina hakika kama nakumbuka kila kitu kwa mpangilio wake.

Wifi ni mke wa kaka yangu, na mimi ninaishi nao pamoja na watoto wao wawili. Aliolewa miaka tisa iliyopita akitokea upande wa Nakonde. Alivuka kwa miguu na begi lake kichwani, sisi tukampokea kwa vigelegele, wala hakuna aliyewaza karatasi. Kinamwanga, lugha yetu, ni kilekile kule na huku. Kiswahili chake ni cha sokoni: salamu, bei, na matusi mawili matatu.

Wiki tatu zilizopita waliingia uani maafisa wawili wa uhamiaji na askari mmoja. Kaka alikuwa Iyula kwa vibarua vya palizi. Jirani akapaza sauti kutoka kwake, "Leo mna wageni wa serikali! Chinjeni kuku!" Nikawapa viti. Mkubwa wao, mtu wa makamo mwenye sauti ya upole, akauliza, "Hapa mnaishi wangapi, dada?"

Kwetu mgeni akishakaa anatambulishwa watu wa nyumba, na mwanamke aliyeolewa lazima atajwe na kwao. Usipotaja kwao ni kama umesema mlimwokota njiani. Nikafanya kama nilivyolelewa. Nikasema huyu ni wifi yangu, kwao ni ng'ambo, baba yake ni mzee wa kanisa huko. Nilisema kwa majivuno kabisa. Wifi akapiga magoti, akasalimia.

Yule afisa mdogo akacheka. "Umeturahisishia kazi, dada."

Mkubwa hakucheka. Aliomba kitambulisho cha wifi, au kibali. Havikuwepo.

Walitupeleka ofisini kwao siku ileile, na huko nilikubali kuwa mkalimani. Hawakumtukana, hawakumpiga, na tulipewa maji ya kunywa. Hilo lazima niliandike. Kabla ya kuanza kuchukua maelezo, yule mkubwa alisema maneno fulani haraka haraka, kama anayesoma tangazo: kwamba wifi halazimiki kusema lolote, kwamba akisema litaandikwa na linaweza kutumika mahakamani, na kwamba anaweza kumwita kwanza ndugu au wakili. Kisha akanitazama. "Mwambie."

Nilimwambia wifi, "Anasema tuanze."

Nimejiuliza sana kwa nini. Mtu mzima yuko mbele yetu, anauliza kwa adabu, halafu mimi nimwambie wifi anaweza kumnyamazia? Kwetu ukiulizwa na mkubwa ukakaa kimya, una kiburi au una hatia. Nilidhani afisa anasema kwa kutimiza tu, kama mtu anayemkaribisha mpita njia chakula huku sufuria ni tupu. Nilidhani tukijibu yote vizuri atatuhurumia. Labda pia nilitaka nionekane kazi naiweza. Sijui.

Wifi akajibu yote. Alivuka lini, alipita wapi. Akaongeza na ambalo hakuulizwa, kwamba amekwenda kwenye misiba ya kwao mara nane na kurudi kwa njia za mashambani. Nami nikalitafsiri vizuri, neno kwa neno. Akaweka dole gumba.

Asubuhi ya leo, tulipofika na kaka kwenye baraza ya mahakama, mama mmoja msaidizi wa kisheria aliniambia, "Kama hakuelezwa haki zake kwa lugha anayoielewa, semeni. Hakimu atasikiliza." Nikamwitikia kwa kichwa.

Hakimu alimuuliza wifi, kupitia mkalimani wa mahakama, kama maelezo yale ni yake.

"Ni yangu."

"Ulielezwa haki zako kabla ya kuyatoa?"

Wifi akageuka kunitafuta kati ya watu. Akaniona. Kisha akasema, "Wifi yangu alinieleza kila kitu."

Yule mama alinigeukia pale benchi la tatu. Sikusimama. Huenda ningesimama na bado isingebadilika kitu, maana kibali hana kweli, na hakimu hakutunga sheria yeye. Lakini alipotoa uamuzi alizitaja zile safari nane. Alisema mtu anayevuka hivyo mara nane si mtu aliyepitiwa.

Kesho asubuhi watampeleka mpakani. Watoto wanabaki na baba yao.

Tukiwa njiani kurudi kaka aliniuliza, bila kunitazama, "Hivi siku ile ulimweleza kweli, kwamba angeweza kunyamaza?"

"Nilimweleza."

"Basi alitaka mwenyewe," akasema.

Jioni tumekula ugali na majani ya maboga. Nilipika mimi. Watoto walikula wakaomba tena. Mimi nilikuwa sijanyoosha mkono, kaka akanisogezea bakuli la mboga. "Kula, dada yangu. Umehangaika sana kwa ajili yetu." Nikala.