Kona Iliyogoma Kushika

Cleophace Rwegoshora wa Chonyonyo hajawahi kupandisha ukuta maishani mwake, na ukimuuliza kwa nini, anakwambia ukuta ni kazi ya watu wanaopenda kusifiwa. Yeye ni fundi wa msingi. Nusu ya nyumba za pale zimekalia mgongo wake, anasema, ndiyo maana anatembea ameinama. Marehemu mkewe alidai anainama kutafuta chupa aliyoiangusha, lakini marehemu habishani.

Baada ya miaka sita ya kujimenyea ndizi mwenyewe, Cleophace alimtamani Kokuhirwa, mjane mwenye kibanja cha migomba minene na ulimi wa kunyolea ndevu. Alipomweleza haja yake, mama huyo alimpeleka nyuma ya jiko, akamwonyesha kiwanja.

"Nataka vyumba vitatu. Niwekee msingi, fundi. Ukishika, nitakujibu."

"Nijibu sasa, msingi utafuata."

"Wanaume wote niliowajua walitaka kuanzia kwenye paa."

Basi mitaro ikachimbwa. Siku ya kumwaga zege Cleophace alitamba mbele ya kibanja kizima kwamba atamaliza kabla jua halijazama, bila kusimama hata kukojoa. Msaidizi wake alikuwa Harerimana, mtu mzima ambaye wazazi wake walitoka Burundi, na ambaye hukoroga zege upesi kuliko wewe kukoroga uji. Ilikuwa kiangazi. Maji yaliletwa na bodaboda kutoka bondeni, madumu kwa madumu.

Saa kumi na moja jioni, kona moja tu ikiwa imebaki, maji yakaisha. Bodaboda alikuwa ameshapata abiria wa kwenda Kayanga, hata vumbi lake halionekani.

Cleophace akaitazama kona. Akatazama pipa la bluu kando ya jiko, lililofunikwa majani ya mgomba. Humo mlikuwa na juisi ya ndizi mbivu zilizokanyagwa asubuhi ile. Kokuhirwa alikuwa bado hajaitia unga wa mtama ili ichachuke iwe rubisi, pombe ya kuwashukuru vibarua.

"Maji ni maji," Cleophace akajisemea. "Haya yamepitia tu kwenye ndizi."

Vibarua walishaondoka; akamtuma Harerimana akafuate kamba upande wa barabara, akachota ndoo tano haraka haraka, akakoroga mwenyewe, akasawazisha, akaweka pima maji juu yake kwa mbwembwe kama padri anayeweka kikombe altareni.

Kesho yake msingi wote ulikuwa mgumu kama kisigino cha katekista, isipokuwa ile kona. Kona ilikuwa uji. Siku ya pili, uji. Siku ya tatu nyuki walikuja kutoka ng'ambo ya mto Kagera bila kugonga mhuri mpakani, na mbuzi mmoja alikata kamba akalamba mpaka akaanza kucheua kokoto. Cleophace alilaumu saruji, akalaumu mwezi, halafu, kwa kuwa yeye ni Mkatoliki, akalaumu Walutheri.

Kokuhirwa naye alikuwa ameshaona pipa limepungua, na hasira zake zilimwangukia Harerimana.

"Wewe ndiye umeninywea juisi yangu, ukalewa utamu, ukasahau kutia saruji kwenye kona! Chukua nguo zako, usikanyage tena hapa."

"Mama, ndoo tano? Mimi nina tumbo, sina ghala!"

Vibarua wakacheka. Harerimana akamtazama Cleophace. Cleophace alikuwa anakagua kamba iliyonyooka tangu juzi.

Kokuhirwa akachutama, akafukuza nyuki, akachovya kidole kwenye zege, akalamba. Mchanga ukalia kwenye meno.

"Fundi."

"Naam, mama."

"Njoo uonje."

"Mimi na saruji bado tunaheshimiana."

"Onja!"

Akaonja. Tamu, tamu ya kumfaa bibi harusi. Uongo ukamjia hadi kwenye fizi: aseme ni Harerimana aliyemimina, basi, mke atampata. Harerimana alikuwa amesimama na kifurushi chake cha nguo kwapani, anasubiri kusikia.

"Ni mimi," Cleophace akasema. "Maji yaliisha, na mimi nilishatamba. Huyu sikumwonjesha hata tone. Nilimtuma kamba ili asinione."

"Miaka thelathini kwenye msingi," Harerimana akasema, "na hujui kwamba sukari inaua saruji?"

"Nimejua leo."

Hakungoja kufukuzwa. Siku mbili alifukua kona ile kwa chepeo, peke yake, akateka maji bondeni na kuyabeba kwa kichwa, na nyuki wakimuuma mpaka shingo ikawa nene kuliko kichwa. Akamwaga zege jipya. Safari hii likashika. Alipoligonga na kusikia limekuwa jiwe, alikung'uta mikono. Alibeba chepeo lake akaanza kuondoka.

"Unakwenda wapi na hujajibiwa?" Kokuhirwa akamwita.

"Nilidhani jibu nililimwaga mwenyewe."

"Jumapili tuma wazee wako kwa kaka yangu kule Igurwa. Na mshenga awe Harerimana. Wewe mdomo wako siuamini, wake nauamini."

Harerimana akaweka chini kifurushi chake. "Mama, sasa kule nitamsifia nini huyu?"

"Usimsifie. Waeleze yote, na nyuki pia. Kaka yangu hacheki mara kwa mara, Jumapili atacheka."

Cleophace akatabasamu upande mmoja, maana upande wa pili ulikuwa umevimba haufunguki.