Wimbo wa Bibi Harusi Mmoja

Mwaka jana nilirudi Kisangani kwa arusi ya mjukuu wa dada yangu, pale Kabondo. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, sahani ya makemba, zile ndizi za kukaanga, na samaki magotini, spika mbili ndefu kuliko mimi zikinipigia kelele, ndipo nikasikia jambo la kunichekesha. Mtaa wa pili nao ulikuwa na arusi, na spika zao zilipiga wimbo uleule. Mabibi harusi wawili, Jumamosi moja, wimbo mmoja, wala hakuna aliyeona haya. Nilicheka peke yangu, kisha kicheko kikaniishia, maana nilimkumbuka mama. Ngoja nikueleze, rafiki yangu, ujue kwa nini sahani ile sikuimaliza.

Mama yangu alikuwa mtungaji wa nyimbo za arusi. Nazungumzia siku za kukaribia uhuru, Wazungu wakiuita mji Stanleyville na sisi tukiuita Kisangani kama kawaida yetu. Kwetu, katika zile familia za Kiislamu ambazo babu zao walikuja na misafara ya biashara wakabaki, binti hakuondoka kwa baba yake kimyakimya. Asubuhi ya kutolewa alisimama mlangoni na kitambaa kichwani, mtungaji akamwimbia wimbo wake, na wanawake wote wakaitikia. Nasema wake, maana wimbo ulikuwa mali ya bibi harusi yule tu. Uliimbwa asubuhi ile, basi. Kumwimbia mwingine ilikuwa aibu kubwa kuliko kumvalisha nguo ya mtu. Sisi watoto tukithubutu kuuimba kwenye michezo yetu tulifinywa masikio, na mama alijua kufinya.

Hakuwa mtu wa kutunga huku anatazama mawingu. Alikwenda nyumbani kwa binti, akaingia jikoni moja kwa moja, akashika mchi na kuanza kuwasaidia kutwanga pondu, yale majani ya muhogo ambayo bila hayo sisi hatujala. Huku anatwanga, anauliza. Mtoto huyu alikuwa anakataa chakula gani? Alikuwa anaogopa nini? Nani alimfundisha kutembea? Bibi na mashangazi walishindana kusimulia, wakabishana, wakacheka, moshi ukiwatoa machozi, na harufu ya mafuta ya mawese ikaingia kwenye nguo za mama. Akirudi nyumbani nilimnusa nikajua wimbo umeanza. Kwa siku kadhaa hakutusikia. Ungeweza kumwaga mtungi mzima wa maji mbele yake asikuulize. Nami nilimwonea wivu yule binti wa watu, kwa jinsi mama alivyokuwa anamfikiria.

Mwaka wa uhuru alitunga wimbo wa binti wa jirani yetu. Jirani huyo alikuwa mwanamke muuza mikate, yale maandazi madogo ya mviringo, na kila asubuhi tuliamshwa na mlio wa mafuta yake. Binti yake alikuwa na mwanya, alitembea haraka haraka kama mtu aliyechelewa, na tangu utoto alikuwa mwizi wa ukoko wa wali. Wageni hawajanawa mikono, yeye ameshakwangua chungu. Mama aliyatia yote hayo. Mtaa mzima uliitikia, hata fundi baiskeli aliacha kazi akasimama, na binti akalia na kucheka kwa pamoja. Kisha mumewe akampeleka Yangambi, alikokuwa amepata kazi kwenye mashamba ya utafiti.

Mwaka huohuo mama alijifungua mapacha, na bibi, mama yake baba, akapooza upande mmoja akaletwa kwetu. Baba hakumkataza mama kuimba. Alisema tu kwamba watoto kwanza, nyimbo zitamngoja, na mama akakubali, kwani angefanya nini? Watu wakija kumwita aliwaambia anapumzika kidogo. Hiyo kidogo ikawa miaka. Nilimwona akifua nepi, akimgeuza bibi kitandani, akitwanga pondu kwenye jiko letu wenyewe bila kumuuliza mtu chochote. Halafu uasi ukaingia mjini. Sitakueleza mengi. Tulikosa chumvi, tulijifunza kulala chini ya kitanda, na mtu akibisha mlango tulinyamaza wote, hata mapacha. Mambo yalipotulia, jirani akaletewa habari kwamba binti yake ameuawa njiani wakikimbia kutoka Yangambi. Mwili hakuletewa. Aliendelea kukaanga mikate, lakini utani na wateja uliisha.

Arusi zilipoanza tena, bibi alikuwa ameshafariki na mapacha wanasoma shule. Ikaja familia moja kumwomba mama amtungie mkwe wao mtarajiwa. Binti mwenyewe alitoka Yahuma, alikimbia vita na tonton wake, yaani mjomba wake, lakini alikuwa anaolewa kwetu na wakwe walitaka atolewe kwa desturi yetu. Mama alikubali kabla hawajamaliza kusema. Alichagua kitenge chake kizuri, akaenda kutwanga. Nilifurahi mpaka nikafagia uwanja bila kuagizwa. Nilitaka kumwona tena yule mama asiyesikia maji yakimwagika.

Alirudi mapema mno. Jikoni mwa binti hakukuwa na bibi wala shangazi wa kuulizwa. Wote walibaki huko au walikufa. Tonton wake alijua tu kwamba ni mtoto mtiifu, na binti alipoulizwa aliinamisha kichwa akasema amesahau. Mama alikaa kizingitini na kitenge chake kizuri.

"Hakuna mutu ya kunielezea huyu mutoto," alimwambia baba.

Baba akamshauri atie maneno yoyote yale, nani atajua. Mama akainuka akaenda kushika mchi. Kwa siku kadhaa nilimsikia anaanza, anakata, anaanza, anakata. Mpaka asubuhi moja, mchi mkononi, akatabasamu na kuniambia wimbo umekuja wenyewe.

Siku ya kutolewa tulijaa uwanjani. Harufu ya pilau ilikuwa imefika hadi barabarani. Mama alisimama mbele ya binti, amekonda kuliko zamani, sauti yake imepata mikwaruzo, lakini ilikuwa sauti yake. Akaanza. Wanawake wakaitikia. Waliitikia upesi, kama watu wanaojua njia, na hapo ndipo nilipoona wanatazamana. Mama alikuwa anaimba mwanya, na binti wa Yahuma hakuwa na mwanya. Akaimba mwendo wa haraka. Alipofika kwenye ukoko wa wali, maitikio yakafifia, akabaki peke yake, naye bado hajui. Aliamini kabisa kwamba ameutunga upya. Kisha macho yake yakakutana na ya jirani yetu muuza mikate, akanyamaza katikati ya neno.

Jirani aliinuka. Nilidhani atamtukana, na wala nisingemlaumu.

"Dada, usikate," alisema. "Mutoto wangu hakupata kaburi. Imba mpaka mwisho."

Mama alitikisa kichwa, akaketi chini palepale, akajifunika uso kwa kitenge. Binti wa Yahuma alivushwa mlango bila wimbo, akiangalia miguu yake. Jioni mama alimwambia baba, "Mumoja nimemunyima, mwingine nimemuibia," na hakuimba tena. Jirani alikuja mara nyingi kumwomba amalizie ule wimbo, hata nyuma ya nyumba, hata kwa sauti ya chini. Mama alimkaribisha, akampa chai, wakakaa bega kwa bega. Wimbo hakumpa. Nadhani alitaka sana kumpa na hakuweza.

Leo wote wawili hawapo. Mabibi harusi wa mama nao wameondoka, kila mmoja na wimbo wake, na sisi tuliofinywa masikio hatukubaki na hata mmoja mzima. Nasikitika kwa zote, lakini nisikudanganye, kuna mmoja unaoniuma kuliko zote.

Nilipoolewa mimi, wanawake walikusanyika mlangoni kama zamani, wakasubiri. Mama hakuhitaji kuingia jiko la mtu kuulizauliza habari zangu. Chakula nilichokataa alikijua. Nilichokiogopa alikijua. Kutembea alinifundisha mwenyewe, na miaka ile aliyoacha kazi yake nilikua mbele ya macho yake. Alinishika mkono, akafungua kinywa, akakifunga. Kisha akaninyooshea kitambaa kichwani.

"Enda, mama," aliniambia. "Bwana yako anangoja."

Nikashuka kizingiti, nikatoka kwa baba yangu huku nikisikia viatu vyangu tu.