Matofali Yasiyoiva

Mpaka leo nikiona mtu anatia dole gumba kwenye karatasi aliyoandikiwa na wengine, damu inanichemka.

Mume wangu alikuwa fundi mwashi, na kijiji chetu cha ujamaa kule Msangano kilimpa kazi ya kujenga darasa. Mapatano yalikuwa ya mdomo tu: kijiji kitaleta matofali, yeye atajenga. Nyumba yetu iliishi kwa mwiko wake wa kujengea. Shamba letu lilikuwa dogo, na fundi akishaharibikiwa jina hakuna kijiji kitakachomwita.

Matofali yalifyatuliwa kwa nyumba kumi kumi, kila kundi fungu lake. Kuni zikapungua, na mwenyekiti alikuwa na haraka kwa sababu mgeni kutoka wilayani alitarajiwa kuja kuzindua. Tanuri la kuyachomea likafunguliwa kabla ya wakati. Mume wangu akaleta tofali moja nyumbani, akalitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Asubuhi tukakuta uji wa udongo.

"Haya yataniua," akasema.

"Si uwaambie?"

"Nimewaambia. Mwenyekiti anasema nadharau jasho la wananchi."

Wakati huo nilikuwa kwenye kisomo cha watu wazima, nimeshavuka hatua ya kuandika jina langu. Nikachana karatasi kwenye daftari, nikaandika polepole kwamba fundi ameyakataa matofali haya, na akilazimishwa kuyajengea, ukuta ukianguka lawama si yake. Nikamwambia ampelekee katibu wa kijiji aigongee mhuri. Ilikuwa barua yangu ya kwanza ya maana, na niliionea fahari.

Alirudi nayo mfukoni. Alikuwa amemkuta mwenyekiti na katibu wanakula, akakaribishwa, akanawa mikono.

"Sasa mtu nimekula ugali wake, namtolea vipi barua ya namna hii?"

Niligombana naye siku nzima. Heshima gani hiyo ya kumfunga mtu kamba shingoni? Barua haikwenda, na ujenzi ukaendelea.

Mvua za kwanza ziliupiga ule ukuta siku tatu, na alasiri moja ukalala chini wote. Bahati nzuri hapakuwa na mtu. Mkutano ukaitwa. Nikakimbilia nyumbani kuleta barua yangu. Katibu akaigeuzageuza, akasema haina mhuri, haijulikani iliandikwa lini, huenda ni asubuhi hiyo hiyo. Kilichoniuma zaidi ni kwamba kwa hilo alikuwa na haki.

Kisha akaandika muhtasari, akamsogezea mume wangu pamoja na wino. Niliunyakua, nikausoma kwa sauti mbele ya watu wote. Uliandikwa kwamba fundi amekiri kujenga vibaya, na hatapewa tena kazi ya ujenzi katika kata yetu.

"Amekiri saa ngapi?" nikauliza. "Si tumekaa wote hapa? Nani kamsikia?"

Watu wakatazama chini. Ni wale wale waliofyatua matofali na kuona kuni zikiisha.

"Mama, kaa chini," mwenyekiti akasema. "Au mnataka jambo hili liende polisi, liitwe hujuma?"

"Kaa, mke wangu," mume wangu akasema. "Yaishe."

Akabonyeza dole. Yaishe! Kilichoisha ni kazi yake. Hata kijiji cha Mbangala, walikokuwa wamekwisha kumwita, wakatuma mtu kusema wamepata fundi mwingine.

Kiangazi kilipofika akaletwa fundi kutoka Mbozi, kifua mbele, ana barua ya wilaya. Akagonganisha matofali mawili, akayatupa. Akadai iandikwe kwamba hajengi mpaka yachomwe mengine. Mwenyekiti yule yule akajibu, "Ndiyo, fundi," na katibu akaandika na kugonga mhuri papo hapo. Hayo nilisimuliwa kisimani, na nusura niuvunje mtungi wangu kwa hasira.

Siku chache baadaye tulikuwa bondeni tunapalilia maharage, moshi mzito ukapanda upande wa shule. Mume wangu akaegemea jembe.

"Wanachoma upya?"

"Wanachoma upya."

Akainama akaendelea kupalilia. Akafyeka magugu na maharage pamoja, tuta zima, wala sikumzuia.