Kovu Kwenye Mabonge ya Makaa

Mama hakutupa vumbi la makaa maishani mwake. Chenga zilizobaki chini ya magunia ya wauzaji hapa Junda alizikusanya, akazitwanga, akazikanda kwa uji wa muhogo, kisha akafinyanga mabonge ya kujaa kiganja. Kila bonge alilibonyeza katikati kwa kidole gumba ili lishike moto upesi. Kidole chenyewe kilikuwa na kovu, kiliwahi kukatwa na mbuzi ya kukunia nazi, kwa hiyo kila shimo lilikauka na mstari mwembamba ndani yake. Nilikuwa nikimtania kwamba anapiga mhuri kama karani wa serikali.

Alifariki mabonge yakiwa bado yameanikwa uani. Wapishi wa matanga waliyachukua mengi. Mimi nikaficha karai moja chini ya kitanda, na tangu hapo sikupata amani. Nikijilaza tu, naisikia harufu ya muhogo uliochacha, ile ile ya mikono yake. Mtu mzima mwenye watoto, nasali kanisani kila Jumapili, nikawa naogopa chumba changu mwenyewe. Hata hivyo sikulitoa karai.

Siku ya kuondoa matanga mama mdogo, ndugu wa mwisho wa Mama, alilikuta alipokuwa akifagia. Hakunigombeza. Alikaa kitandani, akalichukua bonge moja, akaligeuzageuza.

"Mamako aliyafinyanga yachomwe," akasema. "Ukiyaficha, naye wamkalisha njiani."

Akaamua chai ya kuagana na wageni ichemshwe kwa hayo. Nililia kwa hasira, lakini kiberiti nilileta mimi.

Yaliwaka polepole, karibu bila moshi. Wageni walipokwisha kutawanyika, jivu lilikuwa limesimama vile vile, mabonge meupe, na kovu la Mama likionekana wazi kuliko yalipokuwa meusi. Jiko lilitakiwa lisafishwe. Mama mdogo, yeye aliyeamuru, alishika kijiko cha kuzolea, akakirudisha chini. Akaniomba nifanye mimi, kwa kuwa ni mimi niliyetoka tumboni mwa Mama.

Nikapiga magoti, nikatia kidole changu gumba ndani ya shimo la bonge moja. Kilienea sawasawa. Lilikuwa bado na joto. Kisha likaporomoka.