Mpunga wa Ngoma ya Dada

Mwaka huu nimepita tena bondeni kwetu, nyuma ya Zinga, pale tulipokuwa tukilima mpunga. Nilikuwa nakwenda mazikoni, na aliyenisindikiza akanikatisha njia bila kujua ananipitisha wapi. Nikasimama. Bonde lote limeota matete, na mtu wa kuniambia hapa palikuwa na majaruba ya nani hayupo tena. Yule mwenzangu akaniuliza kama nimechoka. Nikamwambia ndiyo, nimechoka, maana hilo ndilo lililokuwa rahisi kusema.

Baba yangu alikuwa mkulima, na kabla ya hapo alikuwa mtu wa bunduki. Ujanani alikwenda bara na misafara, akiwa mmoja wa walinzi wa mizigo, na huko akaingia katika vita ambavyo hata chanzo chake hakukijua. Alirudi na kipande cha risasi pajani, na mguu wa kushoto akawa anauburuta kidogo. Ukimwuliza habari za vita, anakusimulia maharage: jinsi walivyoyapika bila chumvi, jinsi yalivyokataa kuiva, na kuni gani zilikuwa na moto mzuri. Watoto wa jirani walikuwa wakija kutaka kusikia habari za watu kuuana, wakaondoka wamefundishwa kupika maharage.

Wanaume wenzake walimcheka sana. Mama akishikwa na homa, baba ndiye aliyekuwa akikoroga uji, akitupozea vikombe kimoja kimoja kwa pumzi yake, kisha anatuogesha nyuma ya nyumba na kutusugua visigino mpaka tunalia. Jirani alisema waziwazi kwamba mama kamlisha limbwata. Baba alipoambiwa alicheka, akasema kama ndiyo hivyo basi mama aongeze. Sijawahi kumsikia akimpandishia mtu sauti, na mbele ya mama yake, yaani bibi yetu, alikuwa kama mtoto tu. Bibi akisema jambo, limekwisha.

Mwaka ninaotaka kuusimulia, dada yangu alikuwa mwali. Alikwisha vunja ungo, akawekwa ndani kama ilivyo desturi. Nyumba yetu ya udongo ilikuwa na chumba cha ndani kisicho na dirisha, na humo ndimo alimokaa, akisingwa liwa ya kung'arisha ngozi na kufundwa na kungwi. Hakuruhusiwa kuonwa na jua wala na mwanamume, hata baba aliyemzaa, mpaka siku ya kutolewa kwa ngoma. Mimi nilikuwa mdogo bado, kwa hiyo niliingia na kutoka nikimpelekea chakula: bada, ule ugali wa makopa ya muhogo, na kisamvu, na papa mkavu pale mtu alipokuja kutoka sokoni Bagamoyo. Alikuwa amenenepa, ngozi inang'aa, na alikuwa akiniuliza mambo ya nje mpaka yananiishia.

Baba alitenga majaruba ya karibu na kijito akayaita ya mwali. Kwetu wali wa ngoma ulipikwa kwa mpunga wa shamba la baba mzazi. Wa kununua haukufaa, wa kuomba ndio kabisa, maana walisema msichana anayetolewa kwa wali wa kuomba atakwenda kuwa ombaomba kwa mumewe. Baba akauhudumia mpunga ule kuliko mwingine wote. Alishinda juu ya dungu, kichanja cha miti, akiamia ndege kwa kombeo, na jioni, sauti imekwisha kwa kupiga kelele, alikuwa akizunguka nyuma ya nyumba, anasimama kwenye ukuta wa kile chumba na kumweleza dada habari za shamba. Mpunga umechanua leo, mama. Nguruwe wamepita kwa jirani, kwako hawakugusa. Alimwita mama kwa sababu dada alibeba jina la bibi. Dada hajibu, kwani mwali hapazi sauti, na baba anasema peke yake na udongo, kisha anakohoa na kwenda kunawa.

Nasikitika kwamba siwezi kuishia hapo.

Wadachi walikuwa wamekwisha tia mguu pwani, na watu wetu hawakukubali. Vijana wenye bunduki walipita kijijini wakikusanya wanaume. Baba akawapa maji ya kunywa, akawaambia yeye amekwisha pigana. Mmoja akamwuliza kama anaogopa. Baba akasema, "Naogopa, mwanangu." Wakaondoka wanatema mate. Mama alilia siku ile kwa aibu, na baba akaendelea kusuka ukili kana kwamba waliotukanwa ni watu wengine.

Kisha asubuhi moja tukasikia mizinga upande wa Bagamoyo. Vyungu vilitikisika mekoni. Haukupita muda watu wa mjini wakaanza kupita kwetu na magodoro kichwani, na kijiji kizima kikafunga mizigo. Hata kungwi alitangulia bila kutuaga. Sisi tulibaki. Bibi alikuwa amekaa mlangoni kwa mwali, akisema msichana hatolewi bila ngoma, akitolewa hatazaa, na ukoo utakwisha. Mama anasali, anatazama njiani, anasali tena.

Baba alimsikiliza bibi mpaka mwisho. Halafu, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, nikamwona anampita mama yake bila kumjibu. Aliingia katika kile chumba, akamfunika dada kwa jamvi kutoka kichwani hadi miguuni, akambeba. Alisema tu, "Shika shingo yangu." Bibi alipoona hivyo akachukua ungo wa kupepetea, akaupiga kwa kiganja taratibu huku akitufuata, ili isije kusemwa kwamba mtoto wetu alitoka bila sauti yoyote. Ndivyo tulivyoondoka, baba akichechemea na jamvi mgongoni, na bibi nyuma anapiga ungo.

Tulikwenda bara kwa mjomba, kaka yake mama. Alitupokea vizuri, lakini wanawake wa huko walimtazama dada na kunong'ona. Mke wa mjomba hakumruhusu kugusa kinu wala kukaribia mafiga. Hakuwa mwali wa ndani tena, na hakuwa mwanamke bado. Alikaa kwenye kona, uso ukutani, na chakula nilichompelekea nilikirudisha kilivyo. Zile nyama zote alizozipata ndani zikaanza kumyeyuka. Usiku nililala naye nikihisi mbavu zake.

Mjomba akasema atatoa mpunga wake, tumchezee mtoto ngoma, yaishe. Bibi akatikisa kichwa. Wa kuomba haufai. Wala sitamlaumu, kwani alisema alilolelewa nalo, naye alikuwa akimlilia mjukuu wake kuliko sisi sote. Baba alikuwa amekaa pembeni. Akauliza, "Mama, ukipatikana wa kwetu, hata kidogo?" Bibi akasema wa kwetu, hata pakacha moja, utatosha.

Alfajiri baba akachukua pakacha na kisu cha kuvunia. Mama alimshika kikoi akamwambia yeye anajua vita, anajua kabisa wanavyokufa wanaorudi. Baba akamjibu kwamba mpunga utakuwa umekwisha iva, na ndege hawana wa kuwafukuza. Akaenda. Nilimwamkia shikamoo akiwa amekwisha geuka, akaitika marahaba bila kusimama.

Alirudi siku ya Ijumaa, watu wanatoka kuswali. Tuliliona pakacha kwanza, limejaa, juu ya kichwa chake, halafu tukaona anavyotembea. Alikuwa amejifunga kikoi kiunoni na kikoi kile kilikuwa cheusi kwa damu. Risasi ilimpata akiwa ndani ya jaruba, na mpaka leo hatujui kama ni ya Wadachi au ya watu wetu waliomdhania mpelelezi. Alivumilia mpaka siku ya pili. Akaomba aitiwe dada, na dada akaja, akaketi wazi mbele yake. Baba akamtazama kwa muda mrefu, maana hakuwa amemwona vizuri tangu alipowekwa ndani. Akasema, "Umekua, mama." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho.

Tulimzika huko huko kwa mjomba. Wakimbizi walikuwa wengi na ghala la mjomba lilikuwa tupu, na ilipofika siku ya khitima hapakuwa na punje ya kuwapa wasomaji, ila lile pakacha lililowekewa ngoma. Watu walikuwa wamekaa uani wakisubiri. Mama akamtazama bibi, na bibi akainamisha macho. Ndipo dada alipotoka. Alijifunga kanga kifuani, akalibeba lile pakacha mpaka penye kinu, akaanza kutwanga kwenye jua, mbele ya wanaume wote. Mke wa mjomba alinyanyuka, kisha akakaa. Dada alitwanga peke yake mpaka mpunga ukaisha, jasho na machozi vikimtiririka, na baada ya hapo hakuna aliyemwita mwali tena. Ngoma hatukucheza, wala hakuna aliyeitaja.

Dada alizaa watoto saba, naye keshatangulia mbele ya haki, na bibi, na mama. Tuliporudi kwetu majaruba yalikuwa yamefunikwa na maji, na mbegu ile hatukuipata tena mahali popote, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kubakiza hata konzi moja. Tuliula wote siku ile. Mimi nilikuwa mtoto mwenye njaa, nikala, nikaomba tena nikapewa. Ulikuwa wali mweupe, wenye harufu nzuri, mtamu kuliko wali wowote niliopata kula mpaka uzee huu.