Kilti Iliyogeuzwa

Athanase alikuwa ameshona karibu kila kitu anachoweza kuvaa mwanadamu, kuanzia Uvira, kwao Kongo, hadi Durban, Afrika Kusini: magauni ya harusi, majoho ya kwaya, suruali za wazee walionenepa kisha wakarudi kukonda. Lakini asubuhi ile ya Machi, mama mmoja wa Kizungu alipoingia kwenye kibanda chake chini ya ghorofa kule Albert Park na kumwekea mezani furushi lililofungwa kwa shuka, alilifungua akakuta kitu asichowahi kukishona.

Kilikuwa kitambaa cha sufu, kizito kama blanketi. Ukijani wake ulizama taratibu kwenye buluu, na juu yake mistari myembamba ya njano ilipishana ikafanya miraba. Kilinuka kondoo aliyenyeshewa.

Yule mama aliitwa Irene, mjane wa miaka themanini na moja kutoka Glenwood. Alikuja na Doris, mwanafunzi wa Kitanzania aliyepanga chumba nyumbani kwake, naye ndiye aliyewatafsiria.

"Papa Athanase, hii inaitwa kilti," alisema Doris. "Ni vazi la wanaume wa kwao, Uskoti. Ilikuwa ya marehemu mume wake. Mjukuu wao Ewan anakuja kuoa hapa mwezi ujao, anataka kuivaa. Sasa nondo wameila."

Athanase aliinyoosha. Matundu manane, yote mbele, palepale ambapo macho ya watu yangetua.

"Kitambaa ya namna hii iko wapi, ninunue kipande?"

Bi Irene alitikisa kichwa. Kitambaa kile, tartani, kila ukoo una mpangilio wake wa rangi, na hufumwa hukohuko kwao. Kukiagiza kungechukua miezi.

"Kumbe ni sare ya ukoo," Athanase alimwambia Doris. "Hata sisi kwenye harusi ndugu wote wanakata pagne moja, kitenge cha namna moja. Mwambie aniachie. Nitaangalia."

Alianza kwa kufumua. Alikata uzi mmoja baada ya mwingine, na kila rinda lililofunguka lilitoa kitambaa kingine, na kingine tena, hadi meza ikajaa, kiti kikajaa, kikaanza kushuka sakafuni. Mita saba na ushei, zote zilikuwa zimelala kiunoni mwa mtu mmoja. Na ndani ya mikunjo, mahali ambapo jua halikuwahi kufika, rangi zilikuwa mbichi kana kwamba zimetoka kwenye chungu cha mtia rangi jana.

Hapo ndipo wazo lilipomjia. Kilichofichwa kitoke mbele, kilichotobolewa kikajifiche.

Mara ya kwanza alikosea. Alikunja marinda kama ya sketi ya shule, akapiga bandi za kuyashikiza, akaitundika ukutani. Nyuma yake mistari ilikuwa imetawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe. Akafumua yote.

Ulikuwa mchana wa joto lile la Durban linalomfanya mtu asijue amekaa au anaelea. Ukungu mwepesi ulikuwa umepanda kutoka baharini, sauti za barabarani zikawa mbali. Athanase alipiga magoti juu ya kitambaa, akafuata mstari wa njano kwa kidole, na katikati ya kuufuata macho yakamlemea. Akaona milima. Hakuwahi kufika Uskoti, kwa hiyo ilikuwa milima anayoijua, ile iliyosimama nyuma ya Uvira, kijani chini na buluu juu. Mvua ilikuwa ikitembea juu yake. Wanaume walikuwa wakishuka kwa mstari, hawasemi, na kila mmoja alipopita bondeni mlima mzima ulikunjwa ukamezwa, na mlima wa pili ukaungana na wa kwanza bila kovu.

Alipozinduka, kidole kilikuwa bado juu ya mstari. Akaelewa. Kila rinda lilipaswa kumeza mpangilio mmoja mzima wa rangi, usipungue uzi wala usizidi, ili nyuma paonekane kama kitambaa ambacho hakijawahi kukunjwa. Alishona siku tisa, kwa mkono.

Ewan alikuja kuijaribu siku tatu kabla ya harusi, pamoja na bibi yake na Doris. Kijana mrefu, pua imeshaungua jua. Aliifunga kiunoni juu ya kaptura yake, akaikagua mbele na pembeni.

"Matundu yako wapi?" aliuliza.

Athanase alifunua rinda moja, akalirudisha.

Bi Irene aliketi. Alieleza kwamba mume wake aliivaa mara mbili tu katika maisha yao hapa. Mara ya pili vijana walimpigia miluzi barabarani. Alirudi nyumbani, akaitundika, hakuigusa tena.

"Siku hizi tunaivaa hadi mpirani," alisema Ewan. "Nusu ya rafiki zangu wana zao. Wanazivaa na fulana na mabuti, wanakwenda nazo dansini, wengine sokoni tu. Baba yangu aliona ni mambo ya wazee na watalii. Sisi tumeyarudia."

"Muulize," Athanase alimwambia Doris, "hawaogopi kuchekwa?"

Ewan alipiga hatua mbili kibandani. "Wanaocheka wapo. Ila ukiivaa unatembea tofauti. Inakugonga magotini kila hatua."

Harusi ilifanyika kwenye bustani ya Bi Irene. Athanase alialikwa, akavaa suti yake ya kijivu, akaenda na mke wake, Carmel. Wanaume sita walikuwa na kilti, kila mmoja na rangi za ukoo wake, na muziki ulipoanza walizunguka hadi marinda yakafunguka na kufumba kama maua yanayopumua. Kilti ya Ewan ilipofunguka, Athanase aliyaona matundu yake yakipita, moja, mawili, kisha ukijani ukayafunika. Bustani nzima haikujua ila yeye.

"Papa Prodige," Carmel alimnong'oneza, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, "mbona umepotea?"

"Niko hapa."

"Hauko."

Wakirudi kwa miguu alimweleza. Tangu mwaka ule wageni wa nchi nyingine za Afrika walipofukuzwa mitaani hapa Durban, alikuwa hajavaa kitenge hata mara moja. Alikuwa amechagua kijivu, akafunga mdomo, ili asiyemjua asijue ametoka wapi. Carmel alikuwa ameliona hilo zamani. Alimshika mkono hadi kwenye robot, zile taa za kuongozea magari, wakasubiri iwake ya kijani.

Wiki iliyofuata Athanase alijikatia shati la kitenge, jekundu lenye ndege weupe, akalinganisha ndege mfukoni na kifuani kwa uangalifu uleule. Jumamosi alilivaa akapanda taxi, daladala ya huko, ya kwenda Pinetown kununua uzi. Mwanamume mmoja alimtazama, akamtazama tena, kisha akarudi kwenye simu yake. Mama aliyekaa pembeni alisinzia, kichwa kikamlalia begani, juu ya ndege. Hofu haikuisha yote. Nusu yake ilishuka mahali fulani njiani, na Athanase, akitazama vilima vikipanda dirishani, hakugeuka kuangalia ni kituo gani.